Ijumaa Saba za Mama Futi

Kitendawili! Usinijibu "tega" kabla hujakaa vizuri. Nina jirani, tangu azaliwe hajanyanyua mguu, lakini hajawahi kulala pale alipoamkia. Ni nani? Umeshindwa? Mji sikudai, maana jibu umelikalia: ni ardhi. Inatubeba mgongoni, sisi na sufuria zetu na makaburi yetu, inatusogeza polepole kuliko kucha inavyoota, nasi tunajiona tumetulia.

Mama Futi alilijua jibu hilo kabla ya mtaa mzima. Alikuwa mshonaji, futi haimtoki shingoni hata akienda kuoga, ndiyo maana akaitwa hivyo. Nyuma ya karakana yake palipita ufa. Ulitokea mwaka wa tetemeko, ukaanzia uwanja wa mpira, ukapita nyuma ya cherehani zake, ukaenda kuchungulia chumba cha nyuma cha dada yake mkubwa. Mtaalamu wa miamba, binti mdogo mwenye viatu vizito, akaja akapigilia misumari miwili mirefu karibu na ukuta wa chumba hicho, mmoja huku, mmoja kule, ufa ukiwa katikati.

"Mama," alisema, "chini kabisa kuna joto la kuyeyusha mawe. Juu yake gamba la dunia limekatika vipande vipande, na hilo joto halivipi utulivu. Vingine vinasukumana mpaka vinajikunja, ikawa milima. Vingine vinaachana."

"Kama kitambaa kinachovutwa huku na huku."

"Hivyo hivyo. Na hapa ndipo kinapoachia."

"Kumbe tumejenga juu ya mshono!"

Binti akacheka, akampa rula ya chuma na daftari. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo: kila Ijumaa asubuhi apime kutoka msumari hadi msumari, aandike, kisha ampigie simu. Kwa mkono ule na jicho lile, nani mwingine angepewa?

Mwaka mzima alipima kwa uaminifu. Namba ikatoka arobaini na tisa ikafika milimita hamsini na tatu. Kisha shule zikakaribia kufunguliwa. Sketi sitini, mashati sitini, na walimu wanapiga hodi kila saa. Ijumaa ya kwanza Mama Futi alitazama mlango wa nyuma, akatazama rundo la vitambaa. "Dunia haikimbii," akajiambia. Akaandika hamsini na tatu.

Kosa la kwanza huja na viatu mkononi. La pili huingia navyo miguuni. Ijumaa ya tatu hakuutazama hata huo mlango. Ya tano, mlango wenyewe ukagoma kufunga, umebanwa na fremu. Mtu anayeishi juu ya ufa alipaswa kujiuliza. Yeye aliupiga teke, ukafunga, akarudi kwenye vifungo. Hamsini na tatu. Ijumaa ya saba, binti akamwambia kwenye simu kwa furaha, "Mama, ufa umetulia. Mwambie dada yako anaweza kurudi chumbani kwake."

Dada mkubwa, aliyekuwa akilala kwa Mama Futi tangu tetemeko, hakusubiri chai ipoe. Chumba kilikuwa kimejengwa upya na Timazi, mwashi mzee aliyeitwa hivyo kwa sababu ya uzi wake wenye kipande cha risasi, wa kupimia kama ukuta umenyooka. Dada alirudi humo Ijumaa hiyo hiyo. Jumamosi mchana, alipokuwa akikunja shuka, ukuta ulimwangukia. Majirani walichimba kwa majembe na mikono wakamtoa hai, mguu umevunjika mara mbili. Misumari nayo iling'oka katika kuchimba huko, hakuna aliyejua ilikuwa wapi.

Basi mtaa ukamgeukia Timazi. Eti saruji alikula. Wateja wawili wakamwambia asije tena, na mjumbe wa mtaa akasema anangoja maandishi ya mtaalamu, ili ajue kama mzee huyo aachiwe kujenga tena au la.

Siku binti alipokuja, Mama Futi alikuwa akimlisha dada yake uji. Tangu ajali alimhudumia kama mwana: anamgeuza, anamkanda mgongo, anamfulia. Kila "Mungu akulipe, mdogo wangu" ilimchoma kama sindano iliyosahaulika kwenye kola. Timazi naye alikuwa amekuja kumjulia hali mgonjwa, kofia mkononi.

"Umekuja kuangalia kazi yako?" dada mkubwa alimuuliza. "Tazama vizuri. Mguu huu ndio ulionyooka kwa timazi yako."

"Dada yangu, pole. Sina la kusema."

"Saruji ungeiweka, ungekuwa na la kusema!"

Binti alifungua daftari mapajani. "Misumari imepotea," alisema, "kwa hiyo shahidi ni hili tu. Na hili linasema ardhi haikusogea wiki saba. Kama ardhi haikusogea, ukuta ulianguka wenyewe. Itabidi niandike hivyo." Akamgeukia Mama Futi. "Ila kabla sijaandika, mama, nikuulize. Ijumaa zote hizi saba, ulipima mwenyewe?"

Kijiko kilisimama njiani.

Dada mkubwa akamjibia. "Nani, huyu? Mwanangu, mdogo wangu akikupima kiuno anakupima mara mbili, na ya tatu ya kukutania. Andika tu."

Mama Futi akapitisha uji mdomoni mwa dada yake, akamfuta kidevu. Angejibu nini? Dada huyu ndiye aliyemlea walipofiwa na mama. Akijua nani amemrudisha chini ya ule ukuta, atamtazama kwa macho gani? Ataumeza tena uji wake? Kunyamaza kulikuwa rahisi mno, hata mdomo haukuhitaji kufunguliwa.

Timazi akakohoa. "Niliweka mifuko kumi na miwili," alisema polepole, kama anayehesabu peke yake. "Mchanga niliuchekecha mwenyewe. Pembe nilizirudia. Lakini futi ya fundi mwenzangu haijawahi kusema uongo, mtaa mzima unajua. Basi ni mimi. Umri huu... labda mkono wangu umeanza kunidanganya, na mimi nisijue." Akautazama mkono huo, akaugeuza, akautazama tena. "Andika, binti. Miaka arobaini inatosha. Sitashika mwiko tena."

Binti alifungua kalamu.

Mama Futi akaweka bakuli sakafuni. Akaivua futi shingoni, hakujua kwa nini, akaikunja kwenye kiganja.

"Usiandike," alisema. Hakumtazama binti, wala Timazi. Alimtazama dada yake. "Sikupima, dada. Hata Ijumaa moja."