Zéro Haiingie mu Formule

...na huyu Luc wa enquête, mwenye anazungukaka kuuliza batu maswali, na kalamu yake, ananiuliza mara ya pili, mama, unajua banamuke bangapi benye balikamatwaka na batu ba bunduki ba porini sawa weye, benye na bao banakujua, et mimi naangalia hiki kikaratasi cha kuingilia mu enquête juu ya meza, numéro tu, jina hapana, et hasira inanipanda mupaka mu masikio, juu ni yaya Mariette njo alinipatia, yaya yangu wa tumbo moja, alikifunga mu majani ya sombe akaniletea jikoni, akasema uende, akatoka, anafagiaka ku dispensaire, alikiokota kule, najua, lakini nani alimuambia mambo yangu, nani, miaka ine naambiaka batu ile myezi saba nilipotea nilikuwa Mutwanga kwa baba mudogo, mu kakao, na Mariette njo wa kwanza kuitika, eh, Mutwanga, kumbe alikuwa ananicheka mu roho, kesho atabeba habari ku chorale, kwa baimbaji benzake ba kanisa, mubaya ule... Zéro, namuambia Luc, sijue hata mumoja. Anakuna kichwa. Zéro haiwezi, mama, formule yetu ya hesabu inagawanya na ile namba, mwenye anajua bengi ile mashine, ordinateur, inamupima mwepesi, mwenye anajua kidogo inamupima muzito, mais zéro hapana, na tena tunagabulaka bikaratasi kwa bale tu benye balipita mule, bitatu bitatu, bapatie benzao, donc mwenye alikupatia ni mumoja... anaendelea, simusikie tena, bale tu benye balipita mule... Mariette. Mwaka wa mbele ya wangu na yeye alipotea, alisema alikuwa Oicha, kazi ya kuandika mu bureau, akarudi anafunga mulango mara mbili, na mimi njo niliitika, eh, Oicha, bureau, nikamunununia tu juu hakuniletea kitenge. Kitenge, Mungu wangu. Na siku nilirudi aliniosha mugongo, akaona makovu, hakuuliza kitu, nikasema huyu hana huruma, nimemuchukia miaka ine juu ya kule kunyamaza, nyumba moja, sahani moja, na mimi mwenyewe nilikuwa nanyamaza kumushinda, mujinga mimi, mujinga... Mama, niandike ngapi? Kalamu yake ingali juu. Naangalia kikaratasi, kingali na harufu ya sombe. Moja. Sijamuambia Luc bado. Moja, na ile ordinateur yake inipime muzito namna inataka.