Kabla Gari Halijapata Moto

Jumanne ya pili ya Julai, mwaka 1993, saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, fundi Jotham Wekoye alifungua boneti ya Peugeot 504 nyeupe, akatandika gunia kwenye umande apate pa kupigia magoti, kisha akaweka kikombe cha chai kilichojaa pomoni juu ya madigadi. Hicho kikombe ndicho kilichokuwa kipimo chake. Gari zima likinguruma limesimama halimwagi chai.

Karakana yake ilikuwa Kibomet, pembeni mwa mji wa Kitale, chini ya mabati sita. Sheria yake ilikuwa moja tu: gari lilale kwake. Watu wa Kitale walikuwa na kosa ambalo alishindwa kuliponya. Gari linatetemeka asubuhi kama mtu mwenye malaria, wao wanaliendesha mpaka kwake, linafika limepata moto na kutulia kama maji ya mtungini, halafu wanamlaumu kwamba haoni ugonjwa. Jotham alikuwa amechoka kubishana nao. Gari lililopata moto, aliwaambia, limeshavaa nguo za kanisani. Yeye alitaka kuliona likiamka.

Hili lilikuwa la Bwana Mang'oli, mzee mstaafu, mtu wa Chwele huko Bungoma kama Jotham mwenyewe. Mang'oli aliendeshwa ndani yake miaka mingi akiwa ofisa wa serikali, na alipostaafu mwaka 1990 akalinunua kwenye mnada. Alilileta Jumatatu jioni.

"Asubuhi inatetemeka, halafu inaongea-ongea," alisema. "Ikipata moto inanyamaza. Wewe ifanye inyamaze mapema."

Jotham hakuuliza zaidi. Wateja husema gari linakohoa, linalia, limenuna. Kuongea nako alikuwa amekusikia.

Alivuta choki, kile kishikio cha kuwashia gari baridi, akawasha. Injini ilitikisika, na chai ikamwagika mpaka nusu ya kikombe. Akachukua bisibisi ndefu, akaigusisha injini ncha yake na kuweka mpini sikioni, ndivyo alivyozoea kusikiliza. Silinda ya kwanza ilikuwa sawa. Ya pili sawa, ya nne sawa. Ya tatu haikulipua. Kila zamu yake ilipofika palikuwa na pengo, na katika kila pengo likatoka neno moja.

"Choki," ilisema silinda ya tatu. "Umevuta. Sana. Jotham."

Jotham alirudisha choki kidogo. Ni kweli alikuwa ameivuta sana.

"Mukhisa," akasema.

"Ndiyo."

Mukhisa alikuwa mdogo wake, karani wa ghala la mahindi ya msaada kule Saboti baada ya ukame wa 1984. Alikuwa kijana mpole mwenye kasoro moja, kwamba akiona kitu hukisema. Julai ya 1985, mbele ya watu waliopanga foleni na magunia matupu, alisema kwamba mahindi yao hayajachelewa, yamepita. Aliyaona kwa macho yake yakipakiwa kwenye malori yaliyoelekea Suam, mpakani. Siku ya tatu watu wanne walimfuata asubuhi kwa Peugeot nyeupe wamuulize maswali mawili. Hakurudi. Nyumbani walingoja miaka miwili, kisha wakafanya kama inavyofanywa kwa mtu ambaye mwili wake haukuonekana: wakakata shina la mgomba, wakalifunga kwa shuka lake, wakalizika Chwele. Mang'oli alihudhuria. Alileta nusu gunia la sukari na akatoa hotuba iliyowaliza wengi.

Peugeot nyeupe zilikuwa nyingi miaka hiyo. Jotham hakuwahi kufikiri kwamba moja ingeletwa kwake ilale.

"Waliniweka kiti cha nyuma," alisema Mukhisa, neno kwa neno, pengo kwa pengo. "Gari yao ikakataa kuwaka. Baridi ilikuwa nyingi. Wakahangaika, wakafungua boneti, hawajui kitu. Mimi nikawaambia, niacheni niwasaidie."

Jotham alijua lililofuata, maana ni yeye aliyemfundisha. Gari likiwa baridi sana, unafunika mdomo wa kabureta kwa kiganja, mwenzako anawasha, injini inavuta petroli badala ya hewa, inakubali. Alimfundisha akiwa na miaka kumi na miwili, na Mukhisa alifurahi siku ile kana kwamba amepewa ng'ombe.

"Niliziba na kiganja," alisema Mukhisa. "Ikavuta mkono, ikavuta na sauti. Ikawaka. Wakaniambia asante."

Dakika ya nne ilipotimia injini ilipata moto. Silinda ya tatu ikaanza kulipua kama wenzake, na gari likatulia.

Jerono, mama aliyeuza chai karibu na karakana, alikuja kuchukua kikombe chake.

"Ulikuwa unaongea na nani?"

"Ndugu yangu."

"Si yule wa Saboti?"

"Huyo huyo."

"Basi nimletee chai."

"Ameshanyamaza. Mpaka kesho, ikipoa."

"Ungeniita mapema bana," alisema Jerono, akaenda na kikombe.

Jotham alipiga simu kwenye duka moja Chwele, na jioni hiyo mama yake, Nasimiyu, akafika. Alikuwa na mfuko mmoja tu, na ndani yake sweta ya kijivu ya Mukhisa, ambayo kwa miaka minane ilikaa sandukuni na majani makavu ya kufukuza wadudu. Hakuuliza kama ni kweli. Aliuliza asubuhi ni saa ngapi.

Huyu mama alikuwa na haja moja duniani. Alitaka kujua mwanawe analala wapi, ili auondoe mgomba na kumweka mahali pake. Tangu 1987 alikuwa akipalilia kaburi la mgomba, na kazi hiyo ilimuumiza kila alipoishika, kwa sababu alijua anachopalilia.

Jumatano asubuhi alikaa kwenye kigoda mbele ya gari. Jotham akawasha.

"Umekula?" aliuliza mama.

"Bado, Mayi."

"Wanakupa chakula?"

"Bado tuko njiani."

Mukhisa akaanza kuwaeleza safari, kwa sababu kila gari lilipowashwa safari yake ilianza upya, uani mwa ghala, boneti ikiwa wazi. Wametoka Saboti. Wamevuka daraja la mbao. Wamekata kushoto. Aliyekaa mbele anakula njugu.

"Nasikia baridi," akasema.

Nasimiyu alisimama na sweta, akainama aifunike injini. Jotham akamshika mkono.

"Mayi, ukimfunika atapata moto. Akipata moto, ananyamaza."

Mama alibaki ameishikilia sweta kifuani. Safari ilipofika kwenye mikaratusi, dakika nne zikaisha.

Siku hiyo Jotham hakugusa gari lingine. Alitoa thamostati, kile kidude cha shaba kinachozuia maji baridi yasizunguke mpaka injini ipate moto. Mafundi wengi wa Kitale huitoa na kuitupa, na Jotham alikuwa akiwacheka kwa ujinga huo, kwa sababu gari lisilo nayo huchelewa mno kupata moto. Sasa alitaka lichelewe. Alfajiri ya Alhamisi alifunika rejeta kwa magunia yaliyolowa, na dakika nne zikawa kumi na moja.

Walipita mikaratusi. Walipita kanisa lisilo na paa. Barabara ikawa ya udongo mwekundu, Mukhisa akaomba maji, hawakumpa. Ukaja ua mrefu wa miti ya saiprasi, kisha lango la chuma.

"Wamesimama," alisema Mukhisa. "Mlango umefunguliwa. Wananiambia nishuke. Mayi, hapa ni—"

Silinda ya tatu ikalipua.

Jotham aliruka kama mtoto. Hakuwa amewahi kuwa karibu hivyo na kitu alichokitaka. Alisema atatafuta barafu kwa wauza samaki, aizungushie injini yote. "Kesho ni dakika mbili tu zimebaki, Mayi. Atataja mahali. Tutaenda na jembe, tutamleta nyumbani."

Nasimiyu alikuwa akikunja sweta. Aliikunja, akaikunjua, akaikunja tena.

"Mang'oli huwasha hii gari kila siku?"

"Kila siku."

"Basi kila siku wanampeleka."

Jotham hakuwa amelifikiria hilo. Alikuwa amefikiria dakika, maji na barafu.

"Miaka minane," mama aliendelea. "Mimi nikiamka kukamua ng'ombe, yeye anapanda hiyo gari. Na kesho wewe unataka ashuke."

"Lakini mahali, Mayi. Si wewe ndio umekuwa ukitaka mahali?"

"Nataka. Nataka mpaka tumbo inauma. Lakini mimi sitakaa hapa kwa kigoda nisikilize mtoto wangu akishuka." Akafuta macho kwa kona ya kitambaa. "Mtoe huko."

"Hatutajua tena."

"Mang'oli anajua. Tutamuuliza Mang'oli. Wewe mtoe."

Jotham alikaa chini kando ya gurudumu, akalia waziwazi, na Jerono akajifanya anapuliza jiko. Kisha akaenda kuchukua spana.

Plagi ya silinda ya kwanza ilikuwa na rangi ya hudhurungi inayotakiwa, na hivyo ndivyo zilivyokuwa ya pili na ya nne. Ya tatu ilikuwa imelowa. Aliinusa, haikunuka petroli. Akaigusa kwa ulimi, akakuta chumvi. Akaikausha kwa kitambaa kisafi na kumpa mama, aliyeitia ndani ya sweta. Alifunga plagi mpya. Alibadilisha gaskiti ya kabureta, iliyokuwa imepasuka na kuingiza hewa. Thamostati nayo akairudisha, maana hata kama roho inauma, gari la mtu hurudishwa kamili.

Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi, Mang'oli alikuja kwa miguu akiwa amevaa koti zito. Alimsalimia Nasimiyu kwa heshima, mikono miwili, akamuuliza habari za Chwele na za mvua. Jotham akawasha gari likiwa baridi kama jiwe, akaweka kikombe kilichojaa pomoni kwenye madigadi. Injini ilinguruma sawasawa kutoka sekunde ya kwanza. Chai haikutikisika hata ukingoni.

Mang'oli alisikiliza kwa muda, kichwa ameinamisha.

"Imenyamaza," akasema.

"Ulijua ni sauti ya nani?" Jotham aliuliza.

"Ndiyo maana nikaleta kwako. Fundi mwingine angeuliza maswali."

Nasimiyu aliinuka kwenye kigoda.

"Mang'oli, mwana wa kwetu. Mtoto wangu mlimshushia wapi?"

Mang'oli hakukasirika wala hakukana. Alitazama upande wa Mlima Elgon, ambao asubuhi hiyo ulikuwa umefunikwa na wingu, mtu asijue kama uko.

"Mama Jotham," alisema, "mimi nilikuwa nimekaa mbele. Mtu wa mbele haangalii nyuma."

"Lango ya chuma iko wapi?"

"Malango ya chuma ni mengi."

Halafu, kwa kuwa chai ilikuwa pale na bado ilikuwa na mvuke, akaichukua kwenye madigadi, akainywa yote, akamsifu Jerono kwa kutia tangawizi, akaondoka na gari lake.

Jumamosi ya wiki iliyofuata, asubuhi na mapema, walizika plagi Chwele, imefungwa ndani ya sweta ya kijivu. Mgomba hawakuutupa. Nasimiyu alisema umemtunzia mwanawe nafasi miaka sita bila kulalamika, haufai kufukuzwa kama mpangaji; wakaiweka plagi juu yake. Mchungaji aliomba. Wazee walisema waliyosema mara ya kwanza, na mara hii wakayafupisha. Nasimiyu aliinama kaburini na kuuliza, "Umekula?" Alingoja kwa muda. Pakawa kimya, na watu wakaanza kurudisha udongo.

Mang'oli alihudhuria. Alileta nusu gunia la sukari, akatoa hotuba fupi kuhusu kijana mpole aliyependa kusaidia watu, na wengi walilia.

Alipotaka kuondoka, ukungu ulikuwa bado umeshika migomba na gari lilikuwa limepoa. Wanaume wanne waliinuka kwenye viti bila kuambiwa, kama watu wa pale wanavyoinuka wakiona gari linataka kuwaka kwenye baridi, wakasogea nyuma tayari kusukuma. Jotham alikuwa mmoja wao. Hakukumbuka kuamua kusimama.

Hawakuhitajika. Gari liliwaka mara moja, likatulia palepale, silinda zote nne zikifuatana bila pengo. Jotham alisikiliza ile ya tatu, na ilikuwa safi kuliko zote. Ilikuwa kazi nzuri, na ilikuwa yake.

Mang'oli aliteremsha kioo, akatoa mkono nje.

"Asante, fundi," akasema.