Mwaloni wa Kumi na Mbili

Saa tisa alasiri, mwezi wa Agosti, Fidencio Arriaga aliingia ndani ya shimo la kumi na mbili kulisawazisha kitako kwa chepe. Mialoni kumi na moja ilikuwa imeshapandwa mbele ya jengo jipya la maduka. Wa kumi na mbili ulikuwa umelazwa kando ya lori, mizizi imeoza ndani ya gunia, majani makavu kama ya chai.

Huko Llano Hondo, Texas, jengo la biashara halifunguliwi mpaka miti yake ikaguliwe. Sheria inasema miti mingapi kwa magari mangapi, na shina liwe na unene gani. Mti ukishapandwa haukatwi, haupigwi msumari, wala haupakwi kitu. Sheria hiyo ni nzuri, na sitaki mtu aniletee ubishi. Bila hiyo mji ule ungekuwa lami tupu kutoka mwanzo hadi mwisho, na watu wangeokwa ndani ya magari yao.

Siku ile lami ilikuwa mpya na bado laini, na joto lilitoka chini kama lilivyotoka juu. Debe la maji ya kunywa lilikuwa limeisha tangu asubuhi. Yalibaki maji ya tangi kubwa lililofungwa kwenye trela. Fidencio aliomba kidogo. Nieves Cantú, msimamizi wa vibarua, alitazama saa yake. Mkaguzi wa miti angefika saa kumi, na sheria ilitaka aukute udongo umelowa.

"Hayo ni ya miti, kaka," alisema. "Akikuta pakavu, tunarudia kazi yote. Vumilia kidogo tu."

"Basi na mimi nihesabu na miti, bosi," Fidencio alimjibu kutoka shimoni. "Nitasubiri zamu yangu hapa hapa."

Wenzake walicheka, maana alikuwa mtu wa mzaha siku zote. Akaegemea mpini wa chepe na kufumba macho.

Binamu yake Primitivo ndiye aliyeona kwanza. Viatu vya Fidencio vilikuwa vimepasuka kwa mbele, na mizizi ilikuwa imetoka na kushika udongo. Gome lilikuwa limefika magotini, likipanda bila haraka. Primitivo alimwita, na Fidencio akafungua macho, akamtazama kama mtu aliyeamshwa usingizini, kisha akayafumba tena. Primitivo akaenda kumwambia Cantú kwamba Fidencio anageuka mti.

Cantú alikuja, akachungulia shimoni, akautazama ule mti uliooza kando ya lori, akaitazama saa. Akaagiza udongo ujazwe. Primitivo aliujaza kwa mikono, akiogopa chepe lingemuumiza. Alikuwa akilia, lakini hakuacha kazi. Walipomaliza, Cantú akafungua mpira wa maji, na Fidencio akapewa maji mpaka ardhi ikashindwa kuyanywa.

Mkaguzi, Bibi Loretta Haskell, alifika na utepe wake. Alipima mashina yote, na lile la kumi na mbili likazidi kipimo. Aliuliza ni mwaloni wa aina gani, na Cantú akasema ni wa kutoka kusini. Kwenye tawi la chini palikuwa na kofia ya ukili ya Fidencio. Bibi Haskell aliomba iondolewe, kwa kuwa hairuhusiwi kutundika kitu juu ya mti unaolindwa. Kisha akatia saini, na Jumamosi maduka yakafunguliwa kwa maputo na muziki.

Jioni ya siku ile ya kupanda, Primitivo alimpelekea kofia mke wa Fidencio, Obdulia, akamweleza kila kitu akiwa amesimama mlangoni. Obdulia hakuzimia wala hakupiga kelele. Aliuliza yuko upande gani wa maegesho, akavaa viatu, akaenda. Alipokuwa hatua chache kutoka kwenye mti alipiga simu ya mumewe, na simu ikaita ndani ya shina, usawa wa mfuko wa shati. Aliipiga tena na tena mpaka chaji ikaisha. Baada ya hapo majonzi yakamlemea, akakaa chini kwenye ukingo wa zege.

Alikuwa na ahadi moja tu ya kutimiza. Fidencio alipoondoka kijijini kwao, jimbo la San Luis Potosí, ng'ambo ya mpaka, mama yake doña Eduviges aliwakalisha wote wawili mezani, akawaambia kwamba huko waendako wale watakachokula na waishi watakavyoishi, lakini mwanawe akifa arudishwe. Nafasi yake ilikuwepo kando ya kaburi la baba yake, imezungushiwa mawe, na yule mama huipalilia mwenyewe. Obdulia aliapa kwa mkono juu ya meza. Tangu siku ile ya Agosti hakuwaza jambo lingine. Alitaka kumpeleka mumewe kwao.

Polisi walimwambia kwamba bila maiti hakuna kifo. Kampuni ilimwambia kwamba Fidencio aliacha kazi bila kuaga. Padri alimwelewa, lakini padri hana pikapu wala winchi. Basi Obdulia akafanya alichoweza. Kila jioni kwa siku tisa, kama desturi ya msiba kwao, majirani walikuja na viti vyao vya kukunja wakasali rozari chini ya mwaloni, wateja wakipita na vitoroli vyao, na mara nyingine mteja akisimama kusali nao kabla ya kuingiza mizigo kwenye gari.

Siku ya tisa, siku ya kumaliza, Obdulia alikuja na ndoo ya chokaa. Kwao mti unaopendwa hupakwa chokaa kutoka ardhini mpaka kiunoni. Chokaa humfukuza mchwa na hupunguza jua, na humwonyesha mpita njia kwamba mti huu una wenyewe. Kila Wiki Takatifu Fidencio mwenyewe ndiye aliyekuwa akipaka miti ya uwanja wa kanisa. Obdulia alichanganya chokaa na chumvi na ute wa dungusi kakati, ule mmea wa miiba, kama wanavyofanya kwao, akampaka mumewe polepole, akizunguka, akiingiza brashi katika kila ufa wa gome. Alimpaka kama alivyokuwa akimsugua mgongo baada ya kazi. Kwa mara ya kwanza tangu msiba, moyo wake ulitulia. Majirani walisema amependeza.

Kesho yake Bibi Haskell alikuja na karatasi ya makosa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amejifunza Kihispania cha kutosha kuwaonea watu huruma, ila si cha kutosha kuwasaidia. Alimkuta Obdulia akiosha brashi.

"Mama, mti huu unalindwa," alisema.

"Unalindwa na nani?"

"Na jiji."

"Dhidi ya nani?"

Bibi Haskell aliitazama ile brashi. "Kwa sasa, dhidi yako, mama."

Alasiri uliletwa uzio wa plastiki wa rangi ya chungwa, ukazungushwa mpaka pale matawi yalipoishia, ukawekewa geti la magari la kufunguliwa saa za duka, na kibao kikafungwa kinachokataza mtu kupita. Wafanyakazi wawili walilisugua shina mpaka chokaa yote ikatoka. Obdulia alisimama nje akiwaomba wasugue taratibu kwenye mbavu. Walimsikiliza, wakasugua taratibu.

Bibi Haskell alibaki naye akamweleza sheria yote, maana Obdulia alitaka kuijua. Mti unaolindwa unaweza kuhamishwa, lakini anayeomba ni mwenye jengo peke yake. Mwenye jengo, Bwana Haldane, alimpokea Obdulia ofisini kwake, akampa kiti na pole. Akasema haiwezekani. Mti ule ulikuwa umekua zaidi katika wiki chache kuliko mingine inavyokua katika miaka, na kivuli chake kilifunika magari manane. Wateja walikuwa wakigombea pale. Kulikuwa na malalamiko kidogo tu, kwamba alasiri mti hudondosha matone ya chumvi juu ya vioo, lakini kioo huoshwa.

Obdulia alipotoka, Bwana Haldane alimpigia Cantú kumuuliza kama angeweza kupata mingine ya aina ile kwa ajili ya kiwanja cha ng'ambo ya barabara, kitakachojengwa kiangazi kijacho. Cantú alijibu kwamba ataangalia. Alikuwa ndani ya pikapu wakati ule, na vibarua waliokaa nyuma yake walisikia kila neno. Primitivo alikuwa miongoni mwao. Hakuna aliyeshuka. Kodi ya nyumba ilikuwa mwisho wa mwezi.

Jioni moja Cantú alikwenda kwa Obdulia na drili na chupa isiyo na jina. Alivua kofia mlangoni.

"Shemeji, mti hai hautoki pale, labda ufe," alisema. "Ukikauka, jiji lenyewe litaamuru ukatwe. Toboa matundu matatu, mimina hii. Krismasi utakuwa mkavu. Nitaukata mwenyewe, na mbao nitakupelekea mpaka mpakani."

"Hii dawa inauma?"

"Ni mti, shemeji."

"Ulipomnyima maji alikuwa nani?"

Cantú aligeuza kofia mikononi. Alikuwa amekuja kwa nia njema kabisa, na hicho ndicho kilichomkasirisha Obdulia kuliko yote. Hata hivyo alipokea drili, na chupa akaipokea. Alikuwa hana mbele wala nyuma.

Alikwenda asubuhi, maduka hayajafunguliwa, akauinua uzio na kupita chini yake. Alichagua mahali chini kidogo ya nyonga, upande ambao hakuwahi kulalia. Aliomba radhi kwa sauti, akawasha drili. Gome lilikuwa jembamba kuliko alivyodhani. Drili ilipoingia urefu wa kidole, maji yalitoka, ya uvuguvugu, yakatiririka mkononi mwake mpaka kwenye kiwiko. Aliyaonja. Lilikuwa jasho. Juu yake matawi yalianza kutetemeka, na hapakuwa na upepo.

Obdulia alichomoa drili, akaziba tundu kwa kidole gumba, akakaa hivyo, paji la uso juu ya gome, mpaka maji yakakoma. Alilia vibaya sana. Akimpeleka kwao itabidi amuue, na akimwacha hai atakuwa amekula kiapo cha bure mbele ya doña Eduviges. Ile chupa aliimwaga kwenye lami, mbali, ikatoboa lami.

Mlinzi alikuja na kumtoa nje ya uzio. Hakumtukana, alimshika mkono tu kama mtu anayemvusha barabara mgonjwa. Jua lilikuwa limeshapanda. Obdulia alisimama pale alipowekwa, akapiga simu San Luis Potosí, kwa sababu siku nyingi zilikuwa zimepita na doña Eduviges alikuwa hajaambiwa zaidi ya kwamba asubiri.

Alimweleza mkwewe yote, tangu shimo hadi drili. Yule mama hakumkatiza. Kwa mbali walisikika kuku wake na redio ya jirani. Obdulia alipomaliza, akamwomba msamaha.

"Kwa hiyo hatakuja," doña Eduviges alisema.

"Hatakuja, mama. Wanasema yu hai."

"Amelala au amesimama?"

"Amesimama."

Mama alifikiri juu ya hilo. Kaburi la mumewe lilikuwa juani, na kila alipokwenda kupalilia alirudi akiumwa kichwa. Mara nyingi alikuwa amesema laiti pangekuwa na mti.

"Ana kivuli?"

"Anacho, mama. Hapa hakuna mti wenye kivuli kama chake."

"Mwanangu alikuwa hivyo tangu mdogo. Akipata kitu anagawa." Kisha akauliza, "Wanaokaa kivulini humo ni watu gani?"

Geti la magari lilikuwa limefunguliwa. Gari jeupe liliingia na kusogea mpaka chini ya matawi, mwanamke akashuka, akalifunga, akaenda zake dukani. La pili likaja upande wake, na la tatu lilikuwa linazunguka likitafuta nafasi.

"Magari, mama."

Doña Eduviges alisikika akivuta kiti.

"Na wewe, mwanangu? Wewe umekaa wapi?"

"Nje ya uzio," alisema Obdulia. "Juani."