Mkono Uliomzika

Pelagia alipofika kwao kwa bodaboda kutoka Mwisenge, mjini, maji yalikuwa yamebakiza hatua chache kugusa upande wa miguu wa kaburi la baba yake. Ziwa lilipanda mwaka ule wa mvua nyingi, likameza migomba, likameza choo, wala halikurudi. Lakini lawama haikuwa ya ziwa peke yake. Kati ya kaburi na maji palikuwa na shimo refu alilolichimba kaka yake, Stanslaus. Tangu nyavu zianze kutoka majini na visamaki viwili vitatu vya furu, yeye aliacha mtumbwi, akashika chepe, akawa anauza mchanga wa ufukwe wao kwa wajenzi wa Musoma mjini.

"Leo tunamhamisha baba," Pelagia alisema akiwa bado anashuka kwenye pikipiki.

"Shikamoo kwanza," alisema mama yake, Dorotea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Haya, sema sasa."

Hapakuwa na mengi ya kusema. Kule juu, kando ya muhogo, majirani walikuwa wameshachimba shimo jipya, wakawa wanasubiri. Katekista alikuwa amelibariki. Lililobaki ni kufungua kaburi la zamani, na katika nyumba ile kaburi hufunguliwa na mkono uliolifunga: mkono wa kifungua mimba, aliyetupa udongo wa kwanza siku ya maziko. Mkono mwingine ukitangulia, marehemu hamjui anayemwamsha, na ghadhabu yake hushukia wajukuu. Dorotea hakukosa misa hata Jumapili moja, lakini katika jambo hili hakuyumba.

Mkono huo ulikuwa wa Stanslaus. Naye Stanslaus alikuwa ndani ya shimo lake, akipakia mchanga kwenye tipa la Clementi, dereva.

"Kaka, toka humo."

"Nimalizie tripu hii. Ndani hamna unga, mama hajakwambia?"

"Baba atalowa!"

"Baba alikuwaga mvuvi, Pelagia. Kulowa alizoea." Alicheka, akajikuta anacheka peke yake.

Clementi, aliyekaa juu ya bodi la gari, alidakia. "Dada, mwache mtu apige kazi. Nyie wa mjini bwana! Mnajengaga, mnapiga plasta, halafu mnakuja huku kulia ufukwe umekwisha!"

Nyumba ya Pelagia kule Mwisenge ilipigwa plasta kwa mchanga huu huu. Stanslaus mwenyewe ndiye aliyeupeleka, zawadi ya harusi.

Upepo ukageuka, ukaanza kuvuma kutoka ziwani. Wimbi likaingia shimoni, likatoka, likaingia tena. Hapo Pelagia akaona ufa kwenye ardhi mbele ya kaburi, mwembamba kama uzi wa nyavu. Akanyakua jembe.

"Mama, naanza."

Dorotea akaushika mpini. "Siyo wewe."

"Mama, ardhi inapasuka!"

"Naiona. Mimi si kipofu." Akapaza sauti: "Stanslaus! Mwanangu, njoo!"

"Machepe machache tu, mama!"

Wanawake wawili wakabaki wanavutana kwa jembe moja, mmoja akitaka kuchimba, mwingine akitaka achimbe anayestahili.

Mchanga wa chini ulikuwa umeshalowa, na wajenzi hawataki mchanga wa maji. Mkavu uliobaki ulikuwa kwenye ukuta wa upande wa kaburi. Siku zote Stanslaus aliuacha ukuta ule bila kuugusa. Sasa alikuwa na haraka, gari lilikuwa karibu kujaa, mama yake alikuwa anaita. Akachota hapo.

Ukuta haukupiga kelele. Ulikaa chini taratibu, kama mtu aliyechoka kusimama. Stanslaus alirukia pembeni. Msalaba ukainama, kisha ardhi yote iliyokuwa chini yake ikateremka shimoni, na mawimbi yakaja kuichukua.

"Baba! Baba!" Stanslaus aliita kama anayemkimbilia mtu aliyesahau kuaga. Aliingia majini hadi kifuani, akawa anapapasa. Akaibuka na matope. Akazama, akaibuka na matope tena. Mara ya mwisho aliibuka na kipande cha ubao wa jeneza, akakiweka miguuni pa mama yake bila kumtazama usoni, akarudi majini. Pelagia naye alikuwa ameshaingia, gauni likielea kiunoni, mikono yake chini ya maji. Hakuna aliyemwambia kwamba siyo yeye.

Clementi alizima injini. Alivua kofia, akaivaa, akaivua tena.

"Mama," alisema kwa sauti ndogo, "niumwage huu mchanga? Niurudishe?"

Dorotea aliutazama mzigo uliojaa bodi, kisha akatazama maji yaliyokuwa yanatulia pale palipokuwa na kaburi.

"Uurudishe wapi, mwanangu?"

Akaokota ule ubao, akajitwika kichwani kama kuni, akaanza kupanda kuelekea shimo jipya, ambako majirani walikuwa bado wanasubiri, wakiimba.