Kona Iliyonyooshwa

Mpwa wake alizitandaza karatasi mbili juu ya meza ya kukatia, akasogeza gundi na mkasi pembeni, kisha akarudi nyuma kama mtu aliyewasha fataki. Alikuwa na haki ya kuogopa. Shangazi yake, ambaye mji mzima ulimwita Mama Njia, hakuwa mtu wa kumung'unya maneno, na karatasi moja kati ya zile mbili hakuichora yeye.

Mama Njia alikuwa amemaliza ujana wake wote na sehemu nzuri ya uzee akitembea kwenye uwanda wa juu, ile nchi ya majani magumu, ukungu na vinamasi inayoanzia pale barabara inapokata tamaa. Kila njia aliyoipita aliichora kwa kalamu ya nibu, na maelezo yake akayaandika kwa mkono uleule, herufi kwa herufi. Kaka yake ndiye aliyevichapa vitabu hivyo mpaka alipofariki, na sasa kiti chake cha uchapishaji kilikaliwa na mwanawe, huyu mpwa. Watembeaji walivitia vitabu mfukoni, vikachakaa kwa mvua, wakarudi kununua vingine. Kilikuwa kimebaki kimoja tu cha kumalizia, cha upande wa kaskazini. Tatizo ni kwamba tangu mwaka juzi mkono wa kulia wa Mama Njia ulikuwa unatetemeka.

"Hii ni yako," mpwa alisema, "na hii ni hiyohiyo, ila fundi wetu wa kompyuta ameisafisha kidogo. Mistari imetulia. Au siyo, shangazi?"

Ilikuwa imetulia kweli, kama shati lililotoka kupigwa pasi. Mama Njia aliinama, akaifuata njia kwa ukucha kutoka kwenye zizi bovu la mawe kuelekea kijitoni, akasimama.

"Kona yangu iko wapi?"

"Kona ipi?"

"Hapa, baada ya zizi. Njia inapinda kushoto, inazunguka, inarudi. Na nyingine hapa, karibu na kijito. Mmezipeleka wapi?"

Mpwa alijikuna kisogo. "Tulidhani ni... tulidhani ni mkono, shangazi."

Mama Njia aliutia ule mkono mfukoni kabla hajajua anafanya nini. Kisha akajikasirikia kwa kuuficha, akautoa, akauweka juu ya meza utetemeke utakavyo.

"Pale pana kinamasi. Mtu akiifuata hiyo mistari yenu iliyopigwa pasi atatumbukia."

"Una hakika? Kona zote mbili?"

"Zote mbili!"

Kelele hiyo ilisikika mpaka kwenye mitambo ya kuchapia. Lakini ukweli, na tuuseme tu, hakuwa na hakika. Alipita kule mara moja, siku ya ukungu, akaja kuchora nyumbani baadaye. Alikumbuka kuzunguka kitu. Sasa alipoitazama mistari yake mwenyewe, hakuweza kujua wapi imepinda ardhi na wapi umepinda mkono, na jambo hilo lilimtia hofu kuliko kinamasi chochote. Kama hawezi kuisoma ramani yake mwenyewe, basi kazi yake imekwisha, na wa kumwambia hivyo ni mtoto ambaye yeye ndiye aliyemfundisha kufunga kamba za viatu. Iliuma.

"Kitabu kinaingia mtamboni wiki ijayo," mpwa alisema kwa upole. "Tia saini hii safi, tumalize. Jina litabaki lako."

"Jina langu silitii kwenye njia nisiyoijua. Mtambo usubiri. Kesho twende tukaone."

"Na hayo magoti, shangazi?"

"Magoti ni yangu. Wewe tafuta viatu, hivyo vyako ni vya harusini."

Kesho yake mpwa alikuja na viatu vya kuazima na tumbo lake mwenyewe, akawa anahema kabla hata barabara haijaisha. Walipofika kwenye zizi bovu, Mama Njia alimkabidhi ramani safi.

"Leo wewe ndiye kiongozi. Fuata ya kwako, na usiniangalie usoni."

Mbele yao kulikuwa na majani mabichi, laini, ya kuvutia kuliko yote waliyoyapita. Mpwa aliifuata ramani moja kwa moja, akapiga hatua chache za maringo, ya mwisho ikammeza mpaka pajani.

"Shangazi! Nazama!"

"Huzami, umekwama. Hebu niambie, kompyuta inasemaje?"

"Shangazi, tafadhali!"

Alimtupia mkono wa koti, akavuta kwa nguvu zote alizobakiwa nazo, mtu mzima akatoka na kiatu kimoja. Mama Njia alicheka mpaka akalazimika kukaa kwenye jiwe. Alikuwa na furaha kama mwizi aliyeachiwa huru.

Wakazunguka kushoto kama alivyochora, wakashuka hadi karibu na kijito. Pale furaha ilikwisha. Aliitafuta kona ya pili akaikosa. Akarudi juu, akashuka tena, akapapasa majani kwa fimbo. Ardhi ilikuwa ngumu na njia imenyooka tu. Mpwa alisimama na matope yake, akimtazama kwa huruma.

"Usinyamaze kama uko msibani. Sema."

"Sina la kusema."

"Basi nitasema mimi. Huu ulikuwa mkono."

Mpwa alikaa kando yake. "Ile ya kwanza umenishinda, suruali yangu ni shahidi. Lakini mtembeaji atajuaje ipi ni ya ardhi na ipi ni ya mkono?"

Lilikuwa swali la haki, na Mama Njia hakulikwepa. Kompyuta ingenyoosha kona zote mbili, ya ardhi na ya mkono, na isingepanda huku kuja kuona ilichokosea. Yeye alikuwa amepanda.

"Nitamwambia," alisema.

Mtambo ulisubiri. Kila penye kona alirudi kwa miguu, mpwa akimfuata huku analalamika, na ramani nzima akaichora upya kwa nibu, mistari ikitetemeka toka mwanzo hadi mwisho. Chini ya karatasi akaandika maneno machache. Mpwa aliposoma alishika kichwa.

"Hili haliwezekani. Watu watasema tunauza ramani za mgonjwa."

"Waseme. Ukitoa neno moja, naipeleka duka la fotokopi la ng'ambo ya barabara, na wewe utakuja kununua kama wengine."

Ikachapwa ilivyo, na maneno yenyewe ni haya:

"Mkono wangu unatetemeka. Vikona vidogo ni vyangu, na siombi radhi. Kona kubwa ni za ardhi, nimezirudia kwa miguu yangu. Ukishindwa kujua ipi ni ipi, zunguka."