Suruali ya Mama Mkwe

Tangu wafike kisiwani, mke wa mtu alikuwa akipanda vilima kwa gauni, kwa sababu tu mama mkwe alikuwa likizoni pamoja naye na mumewe. Miiba ilishamchana miguu, lakini avae suruali mbele ya mama mkwe? Aliona heri miiba.

Alasiri moja mama mkwe aliaga kuwa anakwenda kujinyoosha kitandani. Mkwe wake akachomoka mbio hadi duka la nguo za matembezi, karibu na gati. Akachagua suruali nyepesi ya kahawia, akasimama kusubiri chumba cha kujaribia.

Pazia likafunguka. Akatoka mama mkwe, ndani ya suruali ya kijani yenye mifuko hadi magotini.

Walitazamana, mkwe akaisukumia suruali yake mgongoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Si tumeamkiana asubuhi? Unaficha nini mgongoni?"

"Suruali, mama."

Mama akashusha pumzi, akaketi kwenye kibao cha kujaribia viatu. "Afadhali! Miiba imenimaliza, mwanangu. Nilikuwa nakuogopa wewe. Nilijua utasema mama mkwe kazeeka, haya imemtoka."

Mkwe alicheka mpaka machozi yakamtoka, akajihisi mwepesi kama aliyetuliwa mzigo.

"Ingia ujaribu," mama akasema. "Ila hiyo rangi haikupendezi. Chukua kijani."

Kesho yake walikwea kilima wakipiga soga, suruali sare, huku mwenye mke na mama akihema huko nyuma, akiwaomba wamsubiri.