Mablanketi ya Kinanda

Mtu aliyetaka habari yake ifike kila nyumba kabla ya mchana alikuwa na njia mbili: abandike tangazo kwenye ukuta wa soko, au akasukwe kwa Redio. Wengi walichagua kusukwa, maana ukuta haujibu maswali. Redio alikuwa msusi, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mwenye kicheko cha kufika barabarani na nyumba isiyokosa watu. Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye kitambulisho tu. Hata padri, akimtafuta, alisema, "Redio yuko wapi?"

Padri alimtafuta kwa sababu ya kanisa la ufukweni. Lilikuwa kanisa dogo, la benchi kumi na mbili, lililosimama karibu sana na maji hata wimbi kubwa likipiga, mahubiri yalisubiri. Lilifanya kazi miezi minne tu kwa mwaka, ile ambayo nyumba za kupangisha hujaa wageni. Wageni wakiondoka, padri naye haji, na kanisa hufungwa mpaka msimu mwingine. Kulitunza ilikuwa kazi ya watu wa kujitolea, wachache, wasiolipwa chochote zaidi ya chai. Siku ya kulifunga waliiita siku ya kulaza kanisa. Siku ya kulifungua ilikuwa siku ya kuamsha.

Siku ya kulaza kila mtu alikuwa na lake. Mwalimu mstaafu, ambaye ndiye mpiga kinanda, alipanga vitabu vya nyimbo ndani ya mapipa ya plastiki. Wifi yake Redio, muuza samaki mwenye ulimi uliokata kuliko kisu chake, alipaka bawaba mafuta. Fundi, seremala mzee aliyefiwa na mkewe, ndiye mshika ufunguo. Alipanda ngazi akakaza mbao za madirishani kwa skrubu, kisha akakagua kazi ya kila mmoja kabla ya kufunga mlango.

Na kinanda kilivishwa. Hapo palikuwa na amri. Kitambaa kikishaonja hewa ya bahari kina chumvi, na chumvi haiachi kuvuta maji. Kwa hiyo mablanketi ya kinanda yalifuliwa kwa maji ya bomba mara mbili, yakaanikwa siku tatu mbali na ufuko, ndipo kinanda kikavishwa safu mbili na kufungwa kamba. Walifanya hivyo miaka kumi na tisa, na kila msimu kinanda kiliamka kikiimba.

Msimu uliopita zamu ya mablanketi ilikuwa ya Redio. Na wiki hiyo nyumba yake ilijaa: kaka yake na mkewe, watoto wao watano, na shangazi mmoja aliyekuja na habari za ukoo mzima. Nani angeacha habari kama zile akaenda kufua? Alifua mara moja tu, jioni ya kuamkia siku yenyewe. Asubuhi aliyashika mablanketi kambani: katikati yamekauka, pindo bado nzito. Akasema peke yake, "Kwani kinanda kitapata mafua?" Akayakunja akaondoka nayo.

Alikivisha kinanda mwenyewe, wenzake wakiwa nje wanaosha ndoo. Ndani alibaki Fundi tu, juu ya ngazi, bisibisi mkononi.

"Mwanangu," Fundi akauliza kutoka juu, "yamekauka? Umeshika na pindo?"

"Yamekauka mpaka yanalia, Fundi! Shuka tufunge, nina wageni mimi."

Mzee akacheka, akashuka, akafunga. Hakukagua. Alikuwa ameambiwa.

Kilichofuata ndani ya ile miezi minane hakuna aliyekijua, maana kanisa lililala na giza lake. Kilichojulikana ni cha mjini. Siku moja Fundi alikuja saluni kurekebisha kitasa, mguu mmoja kiatu cheusi, mwingine cha kahawia. Redio aliona, akauma midomo, na mzee alipotoka tu alilirusha hewani. Wateja walicheka hadi mmoja akaungua sikio na kikausha nywele. Neno lilizunguka, na kila liliporudi saluni lilikuwa limenenepa: Fundi amesahau njia ya kwake, Fundi amemwita binti yake kwa jina la marehemu mama yake. Redio alilipokea kila lilivyokuja, akaliongezea chumvi kidogo, akalituma tena.

Siku ya kuamsha ilifika. Fundi alizungusha ufunguo, mlango ukafunguka, na wote wakarudi nyuma hatua moja. Ilikuwa harufu ya gunia lililosahaulika kisimani.

Mwalimu ndiye aliyekifungua kinanda kamba. Mablanketi yalinyanyuka na kitu kama manyoya ya kijivu, na chini yake ubao ulikuwa umevimba na kupasuka, kuvu imetambaa mpaka miguuni. Akabonyeza kibao kimoja. Kikazama, hakikurudi. Akakanyaga pedali, mvukuto ukatoa pumzi ya mgonjwa, kisha ukachanika. Mwalimu, aliyewahi kufundisha nusu ya mji ule na kuchapa robo yake, alikaa kwenye kiti chake kidogo akafunika uso.

Redio alikuwa amesimama na ufagio. Alijua papo hapo. Pindo zilimrudia mikononi, uzito wake na baridi yake, na uso ukawaka kama wa aliyeinamia jiko.

"Haya," wifi yake akasema, "nani aliyevisha?"

Redio alifungua mdomo.

"Ni mimi," akasema Fundi.

Wakageuka wote. Mzee alikuwa amevua kofia. "Aliyevisha ni mwingine, msimtafute; anayekagua ni mimi. Kazi yangu ni kushika pindo na kuuliza. Nimejaribu kukumbuka kama niliuliza, na sikumbuki. Sioni kitu. Kama ukuta mweupe." Akaigeuza kofia mikononi. "Watu wanasema nasahau. Nilidhani ni maneno tu. Nisameheni, jamani. Nisamehe, Mwalimu."

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Palikuwa wazi kama mlango. Redio alisema, "Pole, Fundi, ni uzee, kila mtu anaufikia," na sauti yake mwenyewe ikamchefua.

"Si ulituambia wewe habari za viatu?" wifi akamnong'oneza. "Laiti tungesikiliza mapema."

Padri, kwa upole mwingi, alimwomba mzee apumzike. Fundi akautoa ufunguo mfukoni. Nani atachukua? Wakatazamana, wakamtazama Redio. Nani mwingine anajua kila kitu cha kila mtu? Mzee mwenyewe ndiye aliyemwekea kiganjani. "Shika, mwanangu. Wewe una kichwa."

Wiki mbili zilibaki kabla ya misa ya kwanza ya wageni. Saluni ilijaa kama kawaida, na kila mteja alikuja na jambo moja: kinanda. "Masikini mzee, ndiyo basi tena," walisema. "Redio, tuambie wewe uliyekuwepo." Redio aliwasuka kimya. Aliwabana nywele mpaka mmoja akalia, "Dada, ngozi hiyo, si mkeka!" Nyumbani alipika chakula cha watu kumi, watu wakaja kumi, na mara ya kwanza tangu aolewe alitamani waondoke. Mumewe akamuuliza kama anaumwa jino.

"Binti yake amekuja kumchukua," wifi alimletea habari pamoja na samaki. "Wanaondoka Jumamosi. Anampeleka akaishi naye huko kwake, ghorofa ya nne. Vifaa vyake vya useremala vinauzwa. Atafanya nini na randa ghorofa ya nne, wifi? Apige randa ngazi?" Akacheka. Redio hakucheka. Alivua aproni mchana ule ule, akamwacha mteja na nusu kichwa.

Mlango wa Fundi ulikuwa wazi. Juu ya kitasa palibandikwa karatasi, herufi kubwa za kalamu ya seremala: FUNGA. Ndani, karatasi nyingine kwenye jiko: ZIMA GESI. Kwenye bomba: KAZA. Kwenye kabati: VIATU — TAZAMA RANGI. Fundi alikuwa mezani anakata vipande vingine kwa mkasi, akipima kila kimoja kwa rula kana kwamba ni mbao. Binti yake, mwanamke mnene mwenye macho ya kutolala, alikuwa anapanga misumeno ndani ya sanduku.

"Karibu, mama," binti akasema. "Baba, umepata mgeni. Unamkumbuka?"

"Namkumbuka," mzee akajibu, lakini kwanza alimwangalia binti yake, kama mtoto anayeangalia kama amepata jibu.

Hilo ndilo lililomvunja Redio. Hakukaa kwenye kiti.

"Uliuliza, Fundi."

"Niliuliza nini?"

"Pindo. Ulikuwa juu ya ngazi, dirisha la upande wa bahari, bisibisi mkononi. Ulisema, mwanangu, yamekauka, umeshika na pindo? Nikakujibu yamekauka mpaka yanalia. Yalikuwa mabichi. Nilifua mara moja, nikaanika usiku mmoja, nikakudanganya kwa kuwa nilikuwa na wageni. Hukusahau kitu. Ni mimi."

Mkasi ulisimama. Binti alishika msumeno hewani.

"Mpaka yanalia," mzee akarudia polepole. Macho yake yalikwenda mbali, yakatafuta, yakapata. "Nikacheka. Kweli. Nilicheka, nikashuka, skrubu moja ikaniponyoka ikaingia chini ya benchi." Akapiga meza kwa kiganja. "Chini ya benchi la tatu! Naiona!"

Kwa kitambo kidogo alikuwa na furaha tupu, na Redio, kwa ujinga wake, akadhani yameisha. Akaanza kutabasamu. Kisha mzee akazitazama karatasi zake, moja baada ya nyingine, kuanzia ya jiko hadi ya mlango.

"Siku kumi na moja," akasema. "Siku kumi na moja naamka usiku najiuliza jina la mke wangu, nione kama bado ninalo. Na wewe ulikuwa unajua."

"Nisamehe, mzee wangu." Machozi yakaanza.

"Usinililie hapa. Na vile viatu, kwa kuwa tumefika huko: siku ile balbu ilikuwa imeungua, nilivaa gizani. Ungeniuliza ningekuambia, tungecheka wote. Uliwaambia wangapi?"

Hakuwa na hesabu.

"Basi nenda kwao wote. Kwa mdomo huo huo."

"Padri nimwambie nini kuhusu ufunguo..."

"Mimi si redio yako," mzee akasema, na akarudi kwenye rula yake, ila kipande kikakatika upande. Binti ndiye aliyemsindikiza Redio hadi mlangoni. Hakusema kwaheri. Aliibandua ile karatasi ya FUNGA kwenye kitasa, akaikunja, akafunga.

Redio alianza na yule mteja wa nusu kichwa. Akamwambia, na mteja akacheka sana, akidhani ni hadithi mpya inayokuja na mwisho mtamu. "Endelea! Kisha?" Hapakuwa na kisha. Alikwenda kwa muuza mboga, kwa fundi viatu, kwa shemeji zake, kwa mwenye duka la simu. Wengine hawakuamini, wengine walisema, "Ah, mambo madogo hayo," na hao ndio walimwumiza zaidi, maana aliwajua: akigeuka tu, halitakuwa dogo. Mwalimu alimsikiliza amesimama, asimkaribishe ndani. "Nilimlaumu mzee kwenye maombi yangu," akasema. "Kila siku." Akafunga geti.

Jumapili ya misa ya kwanza kanisa lilijaa wageni wenye kofia za jua. Waliimba bila kinanda, wakapotea kwenye ubeti wa pili. Wakati wa matangazo Redio aliomba nafasi. Alisimama mbele ya benchi kumi na mbili, yeye ambaye angeweza kuchekesha msiba, na sauti yake ikatoka nyembamba hata wa nyuma wakauliza, "Anasemaje?" Ilibidi arudie. Alirudia yote, mablanketi, ngazi, jibu lake, viatu, na kwamba aliyeitwa msahaulifu ana kumbukumbu kuliko wote. Wageni hawakuelewa ni nani anasemwa. Wa kwao walielewa. Fundi alikuwa benchi la tatu, kando ya binti yake ambaye hakuwa ameondoka naye, akatazama mbele tu. Padri akasema, "Asante," na akasoma ratiba ya wiki.

Jumatatu ilikuwa kazi ya kukwangua kuvu. Hakuna aliyemwita na hakuna aliyemkataza. Redio alikuja na siki, brashi na ndoo, akipita nyuma ili asionekane anataka kuonekana. Barazani walikuwa wameketi watatu na chai: Mwalimu, wifi yake, na Fundi, ambaye tayari alikuwa anapima ubao mpya wa kinanda, penseli sikioni. Walikuwa wanazungumza kwa furaha, vichwa vimekaribiana, na wifi alikuwa anaiga sauti ya mtu, nyembamba, ya kuomba radhi.

Walimwona. Wakanyamaza.

Redio alikijua kile kimya. Alikuwa amekitengeneza mwenyewe mara nyingi, saluni, sokoni, hata kwenye baraza hilo hilo, mtu anayesemwa akiingia ghafla, na siku zote yeye ndiye aliyekivunja haraka kwa "Karibu, karibu, tulikuwa tunakusifu!" Akasubiri mmoja aseme. Akainamisha kichwa, akapita katikati yao na ndoo yake, akaingia ndani, akapiga magoti mbele ya kinanda na kuanza na mguu wa kushoto. Alipofika kwenye pedali, mazungumzo nje yalikuwa yameanza tena, chini chini, na kicheko kimoja. Hakuacha kusugua ili asikilize.